Ndala za Friji

Nyumbani kwetu mtu alivua viatu mlangoni na kuvaa vingine mbele ya friji. Nikisimulia hivyo leo watu hucheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu hata sisi tulicheka sana kabla hatujanyamaza.

Zilikuwa ndala za baba, nyekundu, zimelika kisigino hadi upande mmoja umebaki ngozi tu. Alipoona aibu kuzivaa njiani, akazipa kazi ya ndani. Zilikaa sakafuni chini ya mlango wa friji, zimepangwa vizuri, vidole kuelekea mbele. Ukitaka maji, unaingiza miguu kwanza, halafu ndipo unashika ule mkono wa chuma. Ukisahau, friji inakukumbusha. Inaanza na vidole, inapanda mpaka kwenye kiwiko, na wewe umesharuka nyuma huku unamtaja Mungu.

"Friji inang'ata," tulisema, kama watu wanavyosema mbwa wa jirani anang'ata. Hakuna aliyeshangaa. Mtoto mdogo akitambaa kuelekea kule, yeyote aliye karibu alimnyanyua bila hata kukatisha mazungumzo.

Mpaka leo mimi siwezi kutulia kwenye nyumba ya watu. Nakaribishwa kiti, nauliza hali za wagonjwa, lakini macho yangu yameshapanda ukutani yanafuata nyaya. Yanatafuta mahali palipofungwa kwa plastiki ya mfuko, mahali palipoungwa kwa vidole, soketi inayoning'inia. Friji ya mtu siishiki kabla sijaigusa kwa mgongo wa kiganja. Mume wangu anasema nina wazimu wa nyaya, na akisema hivyo mbele ya wageni nakasirika, kwa sababu nimeshamweleza ulikotoka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Waliokuwa na akili zao wakati ule wanakumbuka: kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, na dukani ulikuta rafu na mwenye rafu. Kisha mambo yakalegezwa, na vitu vikaanza kuingia. Marobota ya mitumba, redio za kaseti, masufuria yanayong'aa, saa za ukutani zenye picha ya maporomoko ya maji. Baba yangu aliuza kanga na vyombo sokoni Singida mjini. Babu yake alitoka pwani akifuata biashara, akaoa huku bara, akabaki. Na baba alijiona amezaliwa kwa ajili ya miaka ile. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye maneno mengi, na kila kilichoshushwa kwenye lori alitaka kukishika mwenyewe.

Friji ilikuja juu ya mzigo wa mitumba, imelazwa ubavu kati ya marobota, imeshatumiwa na watu wa nchi nyingine mpaka wakaichoka. Kwetu ilikuwa mpya. Tulikaa Unyambwa, nje kidogo ya mji, nyumba ya matofali na bati, sakafu ya saruji aliyoisugua mama hadi unajiona kivuli. Majirani walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Mmoja aliuliza kama inakula.

Tatizo ni kwamba umeme wetu uliishia chumba cha mbele. Fundi aliyeuingiza aliweka taa, swichi na soketi moja, akaenda zake. Mama alitaka friji ikae sebule ya ndani, karibu na mlango wa uani, mbali na vumbi la barabarani. Upepo wa Singida mnaujua: kiangazi unaingiza mchanga hadi kwenye mtungi uliofunikwa.

"Muite fundi," mama alisema.

"Fundi wa nini? Umeme ni akili tu," baba akajibu.

Alinunua mzigo wa waya kwa mchuuzi. Akakaa kizingitini na kisu cha jikoni, akapasua ganda jeupe la nje kama anachuna muwa. Ndani mkawa na nyaya tatu: mwekundu, mweusi, na wa kijani wenye mistari ya njano. Akatukusanya, maana baba hakuweza kufanya jambo bila watu wa kumtazama.

"Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi," alisema. "Mwekundu unakwenda. Mweusi unarudi. Haya niambieni, huu wa kijani unakwenda wapi?"

Akauinua juu ili sote tuuone.

"Hauendi popote. Umetiwa humo ili bei ipande."

Nasema kweli, tuliona ana haki. Kwenda na kurudi, nani angebisha? Na yeye alikuwa mfanyabiashara. Alijua kanga zinavyokunjwa ili zionekane nene, alijua magunia ya karanga yenye mawe chini. Aliuvuta ule wa kijani wote, mrefu, mzima, akauzungusha kwenye kiwiko na kumkabidhi mama kama zawadi.

Na ilikuwa zawadi hasa. Kamba ya mama ya kuanikia nguo ilikuwa waya wa chuma, ina kutu, imeshazipiga kanga zake alama za kahawia zisizotoka. Huu mpya ulikuwa na plastiki juu yake. Haukushika kutu, haukuchafua. Ulifungwa kutoka kona ya jiko la nje hadi kwenye nguzo ya ua, na nguo zikapendeza juu yake. Wanawake wa jirani waliuliza umenunuliwa wapi. Mama alisema kwa madaha kwamba huo hauuzwi peke yake.

Zile nyaya mbili nyingine baba alizipitisha juu ya mlango, akazigongomea ukutani kwa misumari iliyopindwa. Plagi hakuwa nayo. Alizimenya ncha kwa meno, akazichomeka kwenye matundu mawili ya soketi na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. Tundu la tatu, la juu, nalo lilitiwa kijiti, maana bila hivyo yale mawili hayafunguki. Upande wa pili, kwenye friji, alifunga mwenyewe pia. Na fyuzi ilipoanza kukatika mara kwa mara, baba alichoka kubembelezana nayo. Alitia kipande cha waya mnene mahali pake, na haikukatika tena.

Friji ikaunguruma. Tulipiga makofi.

Ilianza kung'ata mapema, lakini kiangazi kilikuwa kikali na sakafu kavu, basi ikawa inauma kama siafu mmoja tu. "Ugeni huo," baba alisema, "itazoea." Haikuzoea, tulizoea sisi. Ndala zikashuka kutoka miguuni mwake na kuwekwa pale, na jambo likahesabiwa limekwisha. Mama alianza kugandisha barafu za ukwaju na ubuyu kwenye mifuko midogo, watoto wa shule wakawa wanajaa uani, nyumba ikachangamka. Kila mwezi aliposema muite fundi, baba alisema nitamwita, halafu akaongeza, "Si mna ndala?"

Kisha akaja bibi.

Bibi alikuwa mama yake mama, mkulima wa mtama na alizeti huko Ilongero, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuja mjini kutazamwa hospitali, akaambiwa daktari wa macho atakuja baada ya Idi, asubiri. Basi akasubiri kwetu, na mwezi wa mfungo ukamkuta kwetu, mvua zimeshaanza.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mzaha uliotoka bila uso kubadilika. Kwa mama alizungumza Kinyaturu, kwetu sisi wajukuu Kiswahili cha taratibu. Kwa baba hakuzungumza kabisa. Si kwamba walikosana. Baba alikuwa mkwe wake, na kwa jinsi bibi alivyolelewa, mkwe hatazamwi usoni, haguswi, haambiwi neno la moja kwa moja. Baba naye, pamoja na kubwabwaja kwake kote, kwa hili alikuwa kama mtoto aliyefunzwa. Bibi akiingia, yeye aligeuza uso ukutani. Na walipokuwa na la kuambiana, walinitumia mimi.

"Mwambie bibi yako shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo."

"Mwambie baba yako marahaba, Mungu amzidishie."

"Baba, bibi anasema marahaba, Mungu akuzidishie."

Sote watatu tuko chumba kimoja, hatua chache, kila mtu kasikia kila neno. Nilikuwa darasa la sita na niliona ni upuuzi mtupu, lakini niliona pia fahari. Bila mimi wasingesalimiana.

Siku ya kwanza mama alimweleza bibi habari za friji. Bibi aliiita "kabati la baridi". Alisikiliza mpaka mwisho, akaziangalia ndala kwa macho yake yenye ukungu.

"Za nani?"

"Za baba watoto."

"Mimi niingize mguu wangu kwenye kiatu cha mkwe wangu?" Alishtuka kweli, akajifunika mdomo kwa kanga. "Bora kabati linile."

Kesho yake mama alirudi na ndala mpya za bluu, za bibi peke yake. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akaomba dua ndefu, akazijaribu, akatembea nazo uani. Alipofika mlangoni akazivua, akaziweka ubavuni mwa viatu vingine, akaingia peku. Mama akamrudisha, akamweleza tena. Bibi akasema amesikia. Jioni nikazikuta mlangoni. Kuvaa viatu ndani ya nyumba ya mkwe, kwake yeye, ilikuwa ni kumwambia baba kwamba sakafu yake ni chafu, na asingemwambia hivyo hata kwa mdomo wangu. Mama akaweka ubao mbele ya friji. Bibi, ambaye aliamka alfajiri kufagia nyumba ambayo hakuiona vizuri, aliuondoa kila asubuhi na kuusimamisha nyuma ya mlango kwa unadhifu.

"Basi wewe ndio ndala za bibi yako," mama aliniambia. "Ukiwa nyumbani, asiliguse lile bila wewe."

Sijui kama mama alijua alichonitwika. Nilitoka shule mbio. Nilikula huku nimeelekea mlango wa sebule. Nikisikia miguu peku kwenye saruji, mwili wangu wote ulisimama. Bibi hakunywa maji ya baridi, alisema yanauma meno, kwa hiyo hakuwa na haja na friji hata kidogo; ila hakuweza kukaa bure. Mtu akiomba barafu, bibi alishanyanyuka. Mama akisema lete maziwa, bibi alishafika katikati ya chumba. "Bibi, subiri!" nilikuwa napiga kelele mchana kutwa, naye anasimama pale pale, mikono nyuma, akinisubiri kwa utiifu wa kejeli.

Baadaye akanipa siri. Alikuwa amelisikiliza kabati. Likiunguruma lina umeme. Likinyamaza halina, unaweza kulishika. Alilishika mara kadhaa likiwa kimya, umeme umekatika, na halikumfanya kitu. Alifurahi kama mtu aliyejua tabia ya ng'ombe mkali. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba, na jioni ile baba, akitazama ukuta, alinituma.

"Mwambie bibi yako hilo lina tabia ya kunyamaza likiwa macho."

Nikasema. Bibi akatafakari.

"Mwambie baba yako hata mimi."

Baba alicheka hadi akakohoa, uso wake ukiwa bado umeelekea ukutani. Nampenda sana kwa kicheko kile, na hilo halinizuii kumkasirikia.

Kwa sababu mvua zilizidi, na friji ikabadilika. Sakafu ilitoa unyevu asubuhi, kuta zikatoka jasho, na kile kilichokuwa siafu mmoja kikawa teke. Siku moja mama alikuwa amevaa ndala, zile zile, zimelowa. Alirushwa mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Hakuumia sana, ila alilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira.

"Zima hili dude," alimwambia baba.

"Mfungo huu? Watu wanaleta vyombo vyao!"

Ilikuwa kweli. Karibu na magharibi nusu ya mtaa walituma mabakuli kuomba barafu ya kufuturia, na baba aliipenda saa ile kuliko saa zote. Alisimama mbele ya friji na ndala zake nyekundu, akigawa, kila bakuli na utani wake. Alikuwa mtu wa kugawa. Kuzima friji kungekuwa kumzima yeye.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama alisema.

"Huu si ufa, huu ni umeme. Baada ya Idi namleta fundi, wallahi."

Mama alinitazama mimi.

Siku yenyewe umeme ulikatika mchana. Bibi aliuliza kama limenyamaza, nikamwambia ndiyo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alasiri ukarudi. Hakuna aliyetangaza, kulikuwa na mwanga wa mchana bado, taa hazijawashwa, friji ikaanza tu kuunguruma. Baba alirudi kutoka sokoni amechoka, mdomo mkavu, akatawadha, akakaa mkekani sebuleni na sahani ya tende mbele yake akingoja adhana. Mama alikuwa jiko la nje anageuza maandazi. Bibi alikuwa uani kwenye beseni la udhu.

Mvua ikaja ghafla, kama inavyokuja kwetu, upepo kwanza. Mama akaniita kwa ukali: nguo! Nikakimbilia kamba. Nilikuwa nimebeba kanga mabegani na bado navuta nyingine juu ya ule waya wa kijani, na matone yameshaanza kupiga bati. Wanaojua nyumba za bati wanajua kelele ile. Huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe, sembuse friji.

Ndicho kilichotokea. Bibi alitoka kwenye udhu, mikono inachuruzika, miguu inachuruzika, akaingia ndani akikimbia mvua. Alisikiliza, kama alivyojifunza. Hakusikia muungurumo wowote. Baba aliona kivuli chake mlangoni na akafanya alichofanya siku zote: akageuza uso. Alipogeuka tena, kwa sababu gani sijui, mkono wa bibi ulikuwa umeshanyooshwa.

Alikuwa karibu naye kuliko mimi. Neno moja lingemfikia, hata na mvua ile. Na baba hakuwa mtu wa kukosa maneno. Lakini kilichotoka kinywani mwake, kwa sauti niliyoisikia mpaka uani, ilikuwa hii:

"Mwambie bibi yako asiguse!"

Nilitupa kanga matopeni. Nilikimbia. Nilikuwa na neno "bibi" mdomoni nilipofika mlangoni, na hakukuwa na wa kumwambia. Bibi alikuwa amelishika kabati na kabati limemshika. Hakupiga kelele. Baba aliruka kutoka mkekani, akamkumbatia kiunoni kumvuta, mkwe wake, ambaye hakuwahi kumgusa hata kiganja, naye akatupwa chini kama gunia. Mama alinipita. Alikuwa na mwiko mkononi, akaupiga ule waya ukutani, mara moja, na tena, mpaka ncha zikachomoka kwenye soketi na vijiti vya kiberiti vikaruka. Zilikuwa zimeshikwa na vijiti tu. Zilitoka kirahisi.

Tulimlaza bibi mkekani. Mama alimwita kwa Kinyaturu, kwa jina ambalo sikujua kama bibi alikuwa nalo. Baba alikuwa amekaa sakafuni, anatazama uso wa bibi waziwazi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuuona. Adhana ikalia. Hakuna aliyefuturu.

Pembeni ya friji kilikuwa kimeanguka kikombe. Kilikuwa kikombe cha baba cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, ambacho hatukuruhusiwa kukitumia. Bibi, ambaye maji ya baridi yalimuuma meno, alikuwa anamchotea mkwe wake maji ya kufuturia. Angekiweka kando ya tende bila kusema kitu na kutoka.

Tulimzika Ilongero kesho yake.

Fundi alikuja wakati bado tuna msiba, ameletwa na jirani, maana baba hakwenda kumwita. Alikuwa kijana mpole, hakutaka kuuliza mengi. Alifungua soketi, akafuata waya kwa macho hadi kwenye friji, akainama nyuma yake, akainuka.

"Waya wa ardhi uko wapi?" aliuliza. "Wa kijani, wenye njano. Huo ndio unaubeba umeme unaovuja, unaushusha chini, usimpitie mtu. Kwenye mzigo huwa umo."

Baba alikuwa amesimama mlango wa uani. Nje, wanawake waliokuja kutufariji walikuwa wamefua, na kanga za msiba zilikuwa zimejaa kwenye kamba kutoka kona ya jiko hadi kwenye nguzo, zinapepea. Baba alizitazama.

"Tunaanikia nguo," alisema.

Fundi alianza kukusanya bisibisi zake moja moja, polepole sana.

Mama ndiye aliyeukata ule waya, jioni, kwa panga la kuchanjia kuni, na kanga zikiwa bado juu yake. Friji ilifungiwa nyaya zinazotakiwa, ikawekewa kila kitu, na mama hakuiwasha. Aliweka unga ndani yake. Ikawa kabati kweli, kama alivyoiita bibi.

Kwa muda mrefu nilimchukia baba, na nilipoacha kumchukia yeye nikaanza kuichukia adabu. Nilipoolewa niliambiwa mama mkwe wangu ni mtu wa heshima, nisimwinulie sauti. Wiki ya kwanza nilimkuta anachomeka pasi na mikono ya majimaji. Nilipiga ukelele hadi akaiangusha. Ukoo mzima ulikaa kunijadili. Walisema sikulelewa. Niliwaambia nimelelewa sana, na nitapiga ukelele tena. Sasa hivi mama mkwe yule akija kwangu anaanza yeye kuuliza, kwa sauti ya kuchoka, "Haya, nishike au nisishike?" Namwambia asishike.

Baada ya arobaini baba alitaka kwenda Ilongero. Hakumchukua mama. Alinichukua mimi. Tulipanda gari la mizigo hadi njia panda, tukatembea kati ya mashamba ya mtama, upepo unatusukuma kwa nyuma, na baba yangu mwenye maneno mengi hakusema kitu njia nzima. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani. Alisoma dua yake, akajifuta uso kwa viganja. Nilidhani tumemaliza.

Kisha akavua viatu, akasogea, akamwelekea.

"Shikamoo, mama," alisema.

Halafu akanigeukia mimi, kama alivyozoea, akingoja nimletee jibu.